Kufichwa Si Kufungwa

Mwanzoni mwa mwaka 1994, seva moja nchini Uingereza ilielemewa na mgeni mmoja. Mwenye seva, Martijn Koster, mhandisi wa kampuni ya Nexor, alipochunguza alikuta kwamba mgeni huyo hakuwa mtu. Ilikuwa programu iliyotumwa kuzurura kwenye wavuti, kusoma kila ukurasa, kufuata kila kiungo na kumrudishia taarifa aliyeituma. Watu wa fani waliziita programu za namna hiyo roboti. Hii haikuwa na nia mbaya, ila iliandikwa ovyo, ikawa inadai kurasa kwa kasi ambayo seva haikuiweza.

Koster hakuwa adui wa roboti, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ametengeneza ALIWEB, mmoja kati ya mitambo ya mwanzo ya kutafutia habari kwenye wavuti. Alichokitaka ni adabu. Alipendekeza kila tovuti iweke faili ndogo ya maandishi iitwayo robots.txt, na ndani yake mwenye tovuti ataje sehemu ambazo hapendi roboti ziingie. Wenzake wakakubali, na tarehe 30 Juni 1994 mapatano yakaandikwa. Hayakuwa na sheria wala faini nyuma yake. Roboti yenye adabu ingeyasoma na kuyatii, isiyo na adabu ingeyapuuza. Mapatano hayo yalikaa hivyo kwa miaka 28, hadi Septemba 2022 yalipochapishwa rasmi kama kiwango cha intaneti, na waraka wa kiwango hicho unatamka wazi kwamba maelekezo hayo si kibali wala kizuizi cha kuingia.

Wasimamizi wengi wa tovuti hawakuelewa hivyo. Walipotaka kuficha folda ya mishahara, nakala za akiba au ukurasa wa kuingilia wa msimamizi, waliiandika ndani ya robots.txt wakaona kazi imekwisha. Faili hiyo iko wazi kwa kila mtu. Anayetaka kuisoma huandika anwani ya tovuti, mkwaju, kisha jina la faili, basi. Ni kama mwenye nyumba aliyebandika tangazo langoni: wageni tafadhali msiingie chumba cha tatu, ndimo ilimo dhahabu.

Kosa hilo la kudhani kwamba kisichotajwa hakionekani, na kwamba kilichofichwa kimefungwa, ndilo limebeba historia yote inayofuata. Limewaumbua wahadhiri, wahandisi wa mabwawa na hata majasusi wa dola kubwa kuliko zote.

Kutafuta kwa ustadi kulianza kabla ya wavuti. George Boole, mwalimu wa hisabati kutoka Lincoln aliyekuwa akifundisha Cork, Ireland, alichapisha mwaka 1854 kitabu kilichogeuza fikra kuwa aljebra. Juu ya msingi huo, zaidi ya karne moja baadaye, wakutubi walijifunza kuihoji kompyuta kwa maneno matatu: na, au, siyo. Mfumo wa Dialog wa kampuni ya Lockheed ulianza kuuzia maktaba huduma hiyo mwaka 1972. Aliyetaka makala kuhusu malaria na watoto lakini siyo chanjo aliweza kuzipata kwa sentensi moja fupi. Ilikuwa elimu ya wachache, na wachache hao walilipia kila dakika.

AltaVista ndiyo iliyoieneza. Kampuni ya Digital Equipment iliufungua mtambo huo tarehe 15 Desemba 1995, ukiwa umesoma kurasa zipatazo milioni 16, kila neno la kila ukurasa. Pamoja na maneno hayo matatu, AltaVista ilimpa mtu wa kawaida amri mpya: tafuta neno hili kwenye kichwa cha ukurasa tu, au kwenye anwani yake tu, au ndani ya tovuti fulani tu. Google ilipoanzishwa rasmi Septemba 1998 na Larry Page na Sergey Brin ilizirithi amri hizo kwa majina yake. Amri ya site: hubana utafutaji ndani ya tovuti moja. Amri ya intitle: husoma vichwa, inurl: husoma anwani. Zilikusudiwa kumsaidia mwanafunzi, mwandishi wa habari au mtafiti asipoteze siku nzima kuchambua kurasa zisizomhusu, na kazi hiyo zinaifanya mpaka leo.

Mwaka 2001 jambo dogo likabadilisha kila kitu. Hadi wakati huo mitambo ya kutafutia ilisoma zaidi kurasa za wavuti zenyewe. Mwaka huo Google ikaanza kusoma PDF, kisha nyaraka za Word, majedwali ya Excel na slaidi za PowerPoint, na amri ya filetype: ikamwezesha yeyote kuomba aina hizo peke yake. Ukurasa wa wavuti huandikwa ili usomwe na watu. Jedwali la Excel ni kitu cha ofisini: bajeti, orodha ya wafanyakazi, namba za simu, pengine safu yenye nywila za idara nzima. Aliyelipakia kwenye seva alitaka tu mwenzake wa tawi la pili alipakue. Hakuweka kiungo popote, kwa hiyo akaamini halionekani.

Lilionekanaje, basi? Njia ni nyingi, na hapa ndipo wengi hupotea. Seva ya wavuti ikikuta folda isiyo na ukurasa wa mwanzo, mara nyingi huorodhesha kila kilichomo, juu ikiwa na kichwa kinachoanza na maneno mawili ya Kiingereza, "Index of". Roboti ikifika hapo huokota faili zote. Anwani pia huvuja: mtu huibandika kwenye ripoti, programu ya takwimu huikusanya, kivinjari huitaja kwa tovuti inayofuata. Julai 2011 Warusi waliamka wakakuta ujumbe mfupi wa simu upatao 8,000, uliotumwa kupitia tovuti ya kampuni ya simu ya MegaFon, unasomeka kwenye mtambo wa Yandex, mapenzi na madeni yote hadharani. Kila ujumbe ulikuwa na ukurasa wake wenye anwani ndefu isiyokisika. Kutokisika hakukusaidia kitu, kwa sababu roboti haikukisia. Ilipewa anwani.

Mtu wa kwanza kulifanya jambo hili somo ni Mmarekani aitwaye Johnny Long. Kazi yake ilikuwa kuvamia kompyuta za watu kwa ruhusa yao: kampuni humlipa mtaalamu ajaribu kuingia, kisha awaonyeshe alipopenya. Kuanzia mwishoni mwa 2002 Long alianza kukusanya maswali ya Google yaliyokuwa yakimfikisha mahali ambapo hakupaswa kufika. Swali moja lilileta faili za nywila. Jingine lilileta mashine za kuchapisha zilizoachwa wazi kwa dunia nzima, na jingine kamera za ulinzi zikionyesha maegesho ya magari. Waliohusika na uzembe huo aliwaita "googledorks", yaani mazumbukuku walioanikwa na Google, na jina likang'ang'ania, hata maswali yenyewe leo huitwa dorks. Mwaka 2004 mkusanyiko wake ulikuwa hazina inayojulikana, Google Hacking Database, na kitabu chake kuhusu matumizi ya Google katika majaribio ya udukuzi kikatolewa na Syngress.

Walikuwepo waliomlaumu. Kwa nini, walihoji, uwape wezi orodha? Jibu la watu wa kambi yake lilikuwa kwamba wezi wanayo tayari na asiyenayo ni mwenye mali. Mimi naliona jibu hilo kuwa sahihi kwa robo tatu. Robo iliyobaki ilidhihirika mwaka uleule wa 2004.

Tarehe 26 Julai 2004, siku ambayo Google ilitangaza bei iliyotarajia kuuzia hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza, kirusi cha MyDoom katika toleo jipya kilisambaa. Kila kompyuta kilimoingia ilianza kuuliza mitambo ya kutafutia, Google ikiwamo, ili kupata anwani za barua pepe za kushambulia. Maswali yakawa mengi mno, na watu wa nchi mbalimbali wakashindwa kutumia Google kwa saa kadhaa. Hiyo ilikuwa rasharasha. Wiki ya Krismasi ikaja Santy. Hiki kiliandikwa kwa lugha ya Perl na kililenga phpBB, programu iliyotumiwa na tovuti nyingi za majadiliano na iliyokuwa na tundu katika ukurasa mmoja. Santy haikuhangaika kubisha hodi seva moja baada ya nyingine. Iliiuliza Google ni tovuti zipi zenye ukurasa huo, ikapewa orodha, ikazivamia moja moja na kufuta maandishi yake, kisha kutoka kila tovuti iliyoanguka ikaiuliza Google tena. Makadirio ya wakati ule yalitaja tovuti zipatazo 40,000. Google ikaamua kuyakataa maswali ya Santy, na kirusi kikakosa macho. Kwa muda mfupi, kampuni iliyojiita mpangaji wa habari za dunia ilikuwa imempangia mwizi ratiba.

Tangu hapo Google imekuwa ikiwatilia shaka wanaouliza maswali fulani mara nyingi, na kuwataka wathibitishe kuwa ni binadamu. Wengine wakachukua njia ya pekee: mwaka 2009 John Matherly alifungua Shodan, mtambo usiosoma kurasa bali vifaa vyenyewe, yaani kamera, ruta, mitambo ya viwandani, kwa kusikiliza jinsi kila kimoja kinavyojitambulisha kikibishiwa hodi. Shodan inastahili historia yake. Hapa inatosha kusema kwamba baada yake hakukuwa tena na kifaa cha kujificha nyuma ya wingi wa vifaa.

Kisa cha Chuo Kikuu cha Yale kinanivutia kuliko uvamizi wowote, kwa sababu ndani yake hakuna aliyefanya jambo jipya isipokuwa mtambo. Faili yenye majina na namba za hifadhi ya jamii za watu 43,000, wahadhiri, watumishi na wanafunzi wa mwaka 1999, ilikuwa imekaa kwenye seva ya FTP, aina ya kale ya ghala la faili. Haikuwa na ulinzi, lakini miaka hiyo Google haikuwa ikisoma maghala ya FTP. Septemba 2010 ikaanza kuyasoma. Yale hawakujua. Miezi kumi faili ilipatikana kwa yeyote aliyetafuta, mpaka ilipogunduliwa katikati ya 2011 na chuo kikalazimika kuwaandikia wote 43,000. Ndiyo kusema usalama wa faili ile haukuwahi kuwa usalama. Ulikuwa uvivu wa roboti, na uvivu huo ukaisha bila taarifa.

Serikali ya Marekani kwa upande wake ilikuwa ikiyajua haya zamani. Mei 2013, kwa shinikizo la sheria ya uhuru wa habari, Shirika la Usalama wa Taifa, NSA, lilitoa kitabu chake cha ndani cha mwaka 2007 chenye kurasa 643 kinachowafundisha wachambuzi kutafuta kwenye wavuti. Sura moja inahusu udukuzi kwa Google, na inawaeleza maofisa kwamba humo hamna kosa la jinai, kwani kinachochukuliwa kimekwisha kuwekwa hadharani. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 Julai 2014, Wizara ya Usalama wa Ndani na FBI ziliwatumia polisi na wazima moto waraka wa kuwatahadharisha kuhusu ufundi huohuo ukitumiwa na waovu. Waraka ulikitaja kisa cha chuo na kingine cha Oktoba 2013, ambapo tovuti 35,000 zilizotumia programu moja ya majadiliano zilitafutwa kwa njia hiyo na kuvamiwa. Jambo ambalo kwa NSA lilikuwa somo, kwa polisi likawa tishio. Jasusi na mwizi walikuwa wakiandika maneno yaleyale kwenye kisanduku kilekile.

Kwenye kijiji cha Rye Brook, kaskazini ya jiji la New York, kuna kibwawa kiitwacho Bowman Avenue, cha kuzuia mafuriko ya kijito. Kati ya Agosti na Septemba 2013 mtu aliyekuwa Iran aliingia mara kadhaa kwenye kompyuta ya kibwawa hicho, akasoma kina cha maji na hali ya lango. Kwa mujibu wa gazeti la Wall Street Journal, alikigundua kibwawa hicho kwa amri za utafutaji za Google. Taarifa ilipofika Ikulu ya Marekani, kwa muda ilidhaniwa kwamba lililovamiwa ni bwawa la Arthur R. Bowman la Oregon, lenye ukuta wa mita 75. La New York lina kimo cha mita sita hivi, na lango lake lilikuwa limetenganishwa na kompyuta kwa matengenezo, kwa hiyo hata angetaka kulifungua asingeweza. Mwezi Machi 2016 waendesha mashtaka wa Marekani walimfungulia kesi bila yeye kuwapo. Watu walicheka, na kicheko kilikuwa cha haki. Lakini kilichoiokoa Rye Brook ni fundi aliyekuwa amechomoa waya kwa shughuli nyingine.

Sasa kisa ambacho hakichekeshi.

Tangu takriban mwaka 2004, Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, liliwasiliana na baadhi ya watoa habari wake ng'ambo kupitia tovuti za kawaida kabisa. Moja ilijidai ni ya habari za mpira wa miguu wa Iran. Nyingine zilikuwa za hali ya hewa, afya, muziki, filamu. Zilikuwa tovuti duni, zisizo na wasomaji, na uduni wenyewe ulikuwa sehemu ya kificho. Mtoa habari alipofungua tovuti yake alikwenda kwenye kisanduku cha kutafutia, lakini badala ya kutafuta kitu aliandika nywila. Ukurasa ukageuka na sehemu ya kuandikia ujumbe ikatokea. Aliyempita begani asingeona ila mtu anayefuatilia matokeo ya mpira.

Wazo lilikuwa zuri kwa tovuti moja. CIA ilitengeneza mamia, na kwa kubana gharama ilizitengeneza kwa kiolezo kimoja. Kwenye msimbo wa ukurasa, ambao kivinjari chochote humwonyesha mtu kwa kubofya tu, kisanduku cha kutafutia kilikuwa na maneno yanayokisema kilivyo: nywila, ujumbe, andika. Mbaya zaidi, anwani za seva zilinunuliwa kwa mafungu na kufuatana kwa namba. Aliyeijua moja aliwajua majirani zake wa kushoto na kulia.

Mwaka 2008 mkandarasi mmoja wa shirika hilo, John Reidy, alionya wakubwa wake kwamba mfumo huo una kasoro kubwa. Hakusikilizwa, na mwaka 2011 akafukuzwa kazi. Kufikia wakati huo maji yalikuwa yamezidi unga. Kwa mujibu wa Yahoo News, waliochapisha uchunguzi wao Novemba 2018 wakiwanukuu maofisa wa zamani, mtu wa pande mbili aliwaonyesha Wairani tovuti mojawapo. Wao wakaitazama, wakaziona alama zake, wakaenda kwenye Google na kuiomba iwatafutie nyingine zinazofanana nayo, kwa amri zilezile za utafutaji ambazo mkutubi huzitumia kupata makala ya malaria. Wakapata. Wakakaa kimya wakiangalia nani anazitembelea, wapi na lini. Tarehe 21 Mei 2011 Iran ilitangaza kuwakamata watu 30 iliowaita majasusi wa CIA. Huko China, New York Times liliandika mwaka 2017, watoa habari kati ya 18 na 20 waliuawa au kufungwa katika miaka ya 2010 hadi 2012, na Yahoo iliuhusisha mfumo huohuo wa mawasiliano na kuanguka kwao.

Septemba 2022 shirika la Reuters na watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walirudia kazi hiyo ili kuipima. Reuters waliwatafuta Wairani waliowahi kufungwa, mmojawapo mhandisi aliyekamatwa mwaka 2010 uwanja wa ndege wa Tehran na kukaa gerezani karibu miaka kumi. Citizen Lab wakapewa anwani ya tovuti moja tu, iliyokwisha kufa. Kwa kumbukumbu zilizo wazi kwa mtu yeyote walizipata tovuti 885, zikiwa zimeandikwa kwa lugha 29 na kulenga nchi zipatazo 36. Hawakuvunja kufuli yoyote. Watafiti hao walikataa kuzitaja zote, wakihofia kwamba bado kuna watu wanaoweza kufa kwa kutajwa.

Nimeyasoma masimulizi hayo mara nyingi na kila mara hasira yangu huangukia pale pale, kwenye ile kazi ya kubana gharama. Nywila zilikuwepo. Fiche ilikuwepo. Aliyetengeneza kisanduku kile huenda alikuwa fundi hodari. Lakini mtu mmoja aliyesema, "tumia kiolezo kilekile," aliwafunga pamoja watu ambao uhai wao ulitegemea kutofahamika kwamba wana uhusiano wowote.

Sheria, kwa kawaida, ilifika ikihema. Mwaka 2012 mwanablogu wa Kifaransa ajulikanaye kama Bluetouff alikuwa akitafuta jambo jingine kwenye Google, akaangukia nyaraka za shirika la serikali linalosimamia usalama wa chakula, Anses. Alizipakua zipatazo 8,000. Hapakuwa na nywila, na Google ndiyo iliyomfikisha. Mahakama ya Créteil ilimwachia huru Aprili 2013 kwa hoja hiyohiyo. Lakini alikuwa amewaambia wapelelezi kwamba, akizunguka mle ndani, alipanda hadi ukurasa wa mwanzo na kukuta pameandikwa mahali pa kuweka jina na nywila. Mahakama ya Rufaa ya Paris ikaishika kauli hiyo: basi alijua kwamba hapakuwa pa umma, na akaendelea. Februari 2014 alitozwa faini ya euro 3,000, na Mei 2015 mahakama ya juu ikaithibitisha hukumu.

Msomaji wa kwetu na alitafakari shauri hilo, maana sheria zetu hazifanani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta, inapozungumzia kuingia bila idhini, inataja kuvunja hatua za ulinzi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inasema mtu asiingie kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria, na kufuli haikutajwa. Faili iliyosahauliwa wazi inaweza kumponza aliyeifungua Dodoma kwa namna isiyoweza kumponza wa Nakuru. Anayeona jambo kama hilo akiwa nyumbani na afunge ukurasa, amjulishe mwenye tovuti, na asipakue hata moja ili "kuonyesha ushahidi".

Na Johnny Long? Mwaka 2009 alihama Marekani pamoja na mkewe na watoto, akaenda kuishi Jinja, Uganda, mji ambako Nile inatoka Ziwa Victoria. Huko, chini ya shirika lake la Hackers for Charity, alifungua kituo cha kufundishia kompyuta, na mwaka 2010 akaikabidhi ile hazina yake ya maswali kwa kampuni ya Offensive Security, ambayo inaitunza mpaka leo. Vijana wa Jinja waliojifunza kushika kipanya pale walifundishwa na mtu ambaye orodha yake ilikuwa ikisomwa na wadukuzi na walinzi wa dunia nzima.

Google yenyewe imekuwa ikipunguza vifaa. Mwaka 2024 iliiondoa amri ya cache:, iliyomwezesha mtu kusoma nakala ya ukurasa hata baada ya mwenyewe kuufuta, na wadukuzi waliipenda kwa hilo. Lakini maanguko hayakupungua, yalihama tu kutoka kwenye seva za ofisi na kuingia mikononi mwetu. Februari 2020 ilibainika kwamba viungo vya mialiko ya makundi ya WhatsApp vipatavyo 470,000 vinapatikana kwa kuandika anwani ya mialiko kwenye Google. Makundi ya familia, ya kazi, ya wagonjwa, ya mambo ambayo wenyewe wasingependa yajulikane. Mtu mmoja alikuwa amebandika kiungo mahali pa wazi, basi. Mwishoni mwa Julai 2025 ikawa zamu ya mazungumzo ya watu na ChatGPT. Walioyagawa kwa kiungo na kutia alama kwenye kisanduku cha kuruhusu yapatikane, bila kusoma vizuri, walikuta maungamo yao ya magonjwa na ndoa kwenye matokeo ya Google. Kampuni ya OpenAI ikaiondoa nafasi hiyo mara moja. Mwezi uliofuata jarida la Forbes likaripoti mazungumzo zaidi ya 370,000 ya Grok yakiwa katika hali hiyohiyo, na safari hii watumiaji hawakuulizwa chochote zaidi ya kubofya kitufe cha kugawa.

Huku kwetu tumezoea kupandisha PDF. Walioitwa kwenye usaili, wanafunzi waliochaguliwa, wanachama wanaodaiwa, wagombea na namba zao za simu: vyote hupakiwa, tangazo hupita, faili hubaki miaka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya na Uganda zina zao tangu 2019, na zote zinambebesha mzigo aliyeiweka taarifa.

Kwa hiyo, wewe unayesimamia tovuti ya shule, zahanati, saccos au halmashauri, fungua Google sasa hivi. Andika site: na anwani ya tovuti yako, kisha filetype:pdf. Rudia kwa xls na xlsx, kwa doc na docx, halafu kwa maneno "Index of" kwenye kichwa. Tovuti ni yako, hakuna wa kukushtaki. Ukikuta kisichotakiwa kuwapo, kiondoe kwenye seva kwanza au kiwekee nywila, na kama kilikuwa na nywila za watu, zibadilishwe siku hiyohiyo. Usikiandike kwenye robots.txt. Ndipo uiombe Google ikifute kwenye matokeo. Ombi hilo hudumu miezi sita hivi tu, na faili ikiwa bado iko pale ilipokuwa, roboti itairudisha.